Maji Niliyoyadharau

Nekesa mwanangu, mama,

Sitakuuliza kama u mzima, kwa sababu nakusikia hapo nje ukicheka na shangazi zako. Mimi pia niko mzima, tena kuliko wote hapa bomani. Leo asubuhi nimebeba viti kutoka kanisani, vinne kwa safari moja, na wale vijana wa kwaya wamebaki wakinitazama tu. Mmoja akasema, "Mzee, pumzika." Nikamwambia kwa sauti kubwa apumzike yeye, mimi sijachoka.

Unajua shule niliacha darasa la tatu. Si ujinga. Mwalimu alinichapa kwa kosa la mwingine, nikasema sirudi, na mpaka leo sijarudi. Kwa hivyo ukikuta nimeweka r mahali pa l, panga mwenyewe, wewe ndiye wa vitabu. Kalamu ni yako, ile uliacha dirishani. Nimejifungia ghalani kwa mahindi na nimewaambia ati naziba mashimo ya panya. Jua bado liko juu, naona vizuri.

Mambo ya kula vizuri, kuvaa sweta na kuchagua marafiki, mama yako amesema, shangazi zako wamerudia, na pasta atamalizia. Mimi sina hata moja la kuongeza. Nina jambo langu moja. Kesho saa tatu watu watakaa chini ya hiyo hema, pasta atasema, "Sasa baba ambariki mtoto aende ng'ambo akasome," na mimi nitasimama. Kabla ya kubariki nitasema kitu mbele ya watu wote. Sitaki ukisikie pamoja na wao. Nataka ukisikie hapa kwanza, ukiwa peke yako, ukasirike ukitaka kukasirika.

Wacha nianzie kwa jiko.

Unakumbuka siku ile uliniambia unaenda kusomea nini? Mvua ilikuwa inanyesha, tumekaa jikoni, mama yako ameenda Kanduyi sokoni. Nikakuuliza, "Kwani huko ng'ambo wanakufundisha nini ambacho hapa chuoni Kibabii hawajakumalizia?" Ukakoroga makaa kwanza. Najua kwa nini. Kwetu baba na binti hawazungumzi hayo maneno. Halafu ukapata njia, kwa sababu una akili, na hiyo akili umetoa kwangu. Ukasema, "Papa, si unajua ndume?"

Nikacheka. Mimi mfuga mafahali, kuulizwa kama najua ndume!

Ukasema watu wengi wanafikiri kwa ndume kazi yote ni ya mbegu, na yale maji yanayobeba mbegu ni maji tu. Ukasema si maji tu. Ndani yake kuna sukari, na mbegu inachoma hiyo sukari ipate nguvu ya kuogelea. Mimi nikasema sukari hapa Bungoma si habari mpya, bana. Hukucheka. Ukavuta jiko la makaa karibu na miguu yangu, ukafungua kale kamlango ka chini, makaa yakawaka mekundu. Ukakafunga, yakapoa. Ukasema kwa hayo maji kuna vitu vidogo sana, si homoni kamili lakini vinafanya kazi kama homoni, na inaonekana vingine vinaambia mbegu ichome haraka, vingine ichome polepole.

"Zikichoma haraka sana?" nikakuuliza.

"Zinamaliza nguvu njiani, papa. Ni kama makaa kuisha na maharagwe bado magumu."

"Na zikichoma polepole?"

"Hazitoki mahali ziko."

"Sasa nani anafungua huo mlango? Nani anafunga?"

Ukaniangalia na yale macho ya mama yangu, ukasema, "Hapo ndipo hatujui vizuri. Tunajua vipande vipande. Ndiyo naenda kutafuta."

Nekesa, mimi nimesikia wahubiri wengi, nimesikia wabunge, sijawahi sikia mtu akisema "hatujui" na nikamwamini kama nilivyokuamini wewe. Nikakuambia uniandikie jina la hivyo vitu. Ukaandika kwa kalenda ya ukutani, prostaglandini, neno refu kama treni ya mizigo ikipita Webuye. Nimejifunza kulisema. Wiki jana nilimwambia mwenyekiti wa kanisa, akafikiri ni dawa ya kupe.

Halafu nikakuuliza, "Na hii ni ya ng'ombe peke yake?"

Ukaanza kupuliza jiko na halikuwa limezima. "Ya kondoo pia," ukasema. "Ya wanyama wengi. Hata binadamu, papa."

Mimi nikasema naenda kuangalia kama mvua imeisha. Ilikuwa haijaisha. Nilisimama nje nikanyeshewa mpaka kofia ikalowa, na wewe ukafikiri nimeona aibu ya maneno. Haikuwa hiyo aibu.

Sasa sikia.

Ndume wangu Komesha hukumkuta, lakini picha yake umeona pale sebuleni juu ya redio, na utepe aliopata kwa maonyesho ya kilimo Kitale. Picha ni ndogo, haionyeshi. Shingo yake ilikuwa kama gunia la magadi. Watu walitoka Lugulu, walitoka Chwele, wengine walishuka kutoka mlimani, wote na ng'ombe zao, ili Komesha azipande. Mimi nikiwa mbele nikimshika kwa kamba, mtu wa miaka thelathini hivi, kifua wazi, wakaanza kuniita jina la mnyama. Ndume. "Ndume yuko nyumbani?" "Tunaenda kwa Ndume." Nikaacha kuitika jina ambalo baba yangu alinipa. Mpaka leo wazee wananiita Ndume, na wewe umekua ukisikia, ukafikiri ni mzaha wa wazee.

Wakati huo nilikuwa na mke, na si mama yako. Hilo pia hukuambiwa. Aliitwa Nasimiyu. Mfanyakazi, mcheshi, alijua kukamua kuliko mimi, na mimi sisemi hivyo juu ya mtu ovyo. Tukakaa miaka sita, hakuna mtoto. Akaniomba twende wote wawili hospitali ya misheni tukapimwe. Nikamwambia, "Mimi? Wewe unaona watu wananiita nani?" Alienda peke yake. Akarudi, akasema daktari hajaona shida kwake na anataka kuniona. Nikakataa. Akaomba tena. Nikakataa tena. Kukataa najua sana.

Halafu ikaja siku ya josho. Wanaume wote wa hapa walikuwa wameleta ng'ombe kuogeshwa kupe, na Nasimiyu alikuwa upande wa pili akichota maji ya kumimina. Mtu mmoja akanitania, "Ndume, kazi yako tunaiona kwa boma za watu. Kwako mbona kimya?" Wakacheka. Ningecheka pia, yangeisha. Lakini mimi nikapaza sauti ndiyo na yeye asikie, nikasema, "Nimelisha ng'ombe isiyozaa miaka sita. Hata Komesha hawezi kunisaidia hapo."

Wakacheka zaidi. Nasimiyu akaweka ndoo chini, taratibu, bila maji kumwagika. Nikamrudisha kwao kabla ya mavuno, na neno likamtangulia kwao kabla yeye hajafika. Tasa.

Nikaoa mama yako. Mwaka mmoja, miwili, mitatu, minne. Kimya. Mimi, Nekesa, nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumwambia mama yako kama yale niliyomwambia Nasimiyu. Nilikuwa nayo mdomoni. Sikupata nafasi kwa sababu Komesha aliugua.

Alishikwa na ndigana, homa kali, tukafikiri anakufa. Akapona, akanenepa, nikamrudisha kazini mbio mbio. Baada ya hapo wenye ng'ombe wakaanza kurudi. "Yangu imetaka ndume tena." "Na yangu." Kumi na moja. Kila mmoja nikamwambia ng'ombe yake ni mbaya, haina uzazi, auze nyama. Mmoja alitaka kunipiga.

Basi akaja daktari wa mifugo, mama kutoka mlimani, tulimwita Daktari Chemutai. Mfupi, mkali, buti za mpira. Akachukua maji ya mbegu ya Komesha kwa chombo chake, akaweka ile mashine ya kukuza juu ya meza ya mama yako ya kuanikia vyombo, akageuza kioo kipate jua. Kwanza akaniwekea ya ndume mwingine, aliyotoa kwa mtungi wake wa baridi.

"Angalia, mzee."

Niliangalia. Nikaruka nyuma. Nikaangalia tena. Sijui nikuambie nini na wewe unaona hayo kila siku. Tone moja, halijai ukucha, na ndani yake ni kama soko la Chwele siku ya kufunga shule, kila mtu na njia yake, kila mtu ana haraka. Nimeishi na ndume maisha yangu yote na sikuwa najua hao wako ndani. Nikamwambia daktari aninyamazie kidogo, niangalie. Niliangalia mpaka jicho likatoa machozi.

Kisha akaweka ya Komesha. Walikuwepo. Lakini wengine wamesimama tu, wengine wanazunguka mahali pamoja kama kuku aliyekanyagwa.

"Wamekufa?" nikauliza.

"Hapana. Wamelala. Homa imewamaliza. Mpumzishe miezi mitatu." Halafu akavua glavu. "Nimesikia ng'ombe za watu umeziita tasa?"

"Nimeita."

"Zote kumi na moja?"

"Zote."

"Mzee, ng'ombe ni kumi na moja na ndume ni mmoja. Kwani wewe hesabu unafanyaje?"

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Hakucheka. Aliniangalia tu, na mimi nikajua anafanya hesabu nyingine, na nikajua amepata jibu.

Nilienda hospitali ya misheni wiki hiyo. Niliambia watu naenda kuona mgonjwa. Sikudanganya sana. Daktari wa pale, mzee mpole, akanipima, akaniita, akasema mbegu zangu ziko, tena nyingi. Nikakaa wima kwenye kiti! Halafu akasema, "Lakini zimelala. Shida si mbegu. Shida ni maji yake. Tezi zinazotengeneza hayo maji zina ugonjwa, pengine ni wa siku nyingi." Akanipa dawa, nikameza wiki nyingi, nikarudi kupimwa, nikarudi tena. Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna, ukazaliwa. Tukakuita Nekesa, mtoto wa mavuno.

Na unajua nilifanya nini? Niliwaambia watu ni mama yako alitibiwa tumbo. Alinisikia nikisema. Akanyamaza miaka yote hii, akilea, akilima, akiniita watu wakija kuuliza kama Ndume yuko.

Kwa hivyo siku ile wewe ulipofungua na kufunga mlango wa jiko, ukiniambia maji si maji tu, ulikuwa unanieleza mimi kuhusu mimi. Ulikuwa unanieleza jinsi ulivyofika hapa duniani, na hukujua. Tulikuwa tunasema ndume, ndume, na ndume mwenyewe amekaa kwenye kigoda anakusikiliza. Mimi nilijivunia mbegu maisha yangu yote. Maji sikuyapa hata heshima ya jina. Kumbe ndani ya maji kuna sukari imeshapimwa, na kuna hao wako wa jina refu, wanaosema "ngoja," wanaosema "sasa nenda," na mbegu inatii. Nimefuga, nimepanda mahindi, nimejenga hii nyumba matofali kwa matofali, na kazi nadhifu kama hiyo sijawahi kufanya. Na inafanyika ndani yangu bila kuniomba ruhusa, na mtu wa kwanza kunionyesha uzuri wake ni mtoto aliyetokana nayo. Nikifikiri hivyo nacheka peke yangu shambani.

Lakini kile kilichonitoa nje kwa mvua ni Nasimiyu. Wewe ulisema "hatujui" na ukapanga safari ya kwenda kutafuta. Mimi nilijua, miaka ishirini na sita, na sikutoka kwenda popote.

Basi Jumanne nilipokuambia naenda Kitale kutafuta mbegu ya mahindi, nilienda Kitale kumtafuta Nasimiyu. Hakufichika. Anauza miche ya kabeji na sukuma wiki kando ya barabara, miche mizuri, hata mimi sioteshi hivyo. Amezeeka vizuri. Binti yake mkubwa alikuwa hapo akifunga miche kwa majani ya ndizi. Ana watoto watano, Nekesa. Watano.

Akaniona nikishuka garini, akaendelea kunyunyiza maji.

"Ndume," akasema. "Umekuja kuuza ama kununua?"

"Nimekuja kusema neno."

"Sema, miche inakauka."

Nikamwambia yote. Homa ya Komesha, daktari, maji, wewe. Nilisimama, kwa sababu hakuniambia nikae. Nilipomaliza nikasema, "Nisamehe."

Akacheka, si kicheko kibaya. "Hayo mimi nilijua tangu mtoto wangu wa kwanza. Unafikiri umeniletea habari?"

"Najua ulijua."

"Sikia basi, baba Nekesa. Watu wa kwenu wanapita hapa kununua miche. Wananiangalia mimi, wanaangalia watoto wangu, wananiuliza, 'Hawa ni wako?' Mpaka leo! Mmoja alisema ni wa marehemu dada yangu. Mama yangu alikufa akiniombea uzazi na mimi nimembeba mjukuu wake mgongoni, kwa sababu kule sokoni walimwambia nimeazima mtoto. Sasa wewe unanong'ona hapa kwa kabeji. Pole ya hapa itanisaidia nini? Uliponitukana ulinong'ona?"

Nikasema hapana.

"Ulisema joshoni. Wanaume wote wakisikia."

"Nilisema."

"Basi ukanitoe aibu mahali kama hapo."

Nikamwambia josho lilibomoka zamani. Akasema, "Watu pia walibomoka?" Yule binti yake akainamisha uso kwa miche. Alikuwa anacheka, na alikuwa analia, sijui kipi zaidi.

Halafu mdomo wangu ukasema peke yake, "Jumamosi tunamuaga mtoto. Watakuja wote, hata wale wa josho waliobaki. Njoo."

Akasema atakuja, na atavaa vizuri, na ataketi mbele. Akanipa miche mia ya kabeji. Nilipotaka kulipa akasema, "Pandia yule mtoto."

Mama yako nilimwambia jana. Nilifikiri atakasirika ati nimemwalika. Alikuwa anachambua maharagwe. Akasema, "Weka kiti chake karibu na changu." Halafu akasema, "Na ile ya tumbo langu, Jumamosi utairekebisha pia, ama hiyo umesahau?" Nitairekebisha pia.

Sasa kuna wewe. Hii aibu ni yangu, lakini iko ndani ya habari ya kuzaliwa kwako, na utakuwa umekaa hapo na nguo yako mpya watu wakikugeukia. Vijana watatania. Shangazi zako watalia kwa sauti, unawajua. Wazee wataniuliza kama wataendelea kuniita Ndume. Nimezoea kusema kitu bila kuuliza mtu. Safari hii nauliza. Ni mara ya kwanza nauliza, usizoee.

Barua hii nitaiweka kwa begi lako, juu ya vitabu. Kama hutaki, nirudishie kesho asubuhi bila kusema neno, na mimi nitamkuta Nasimiyu pale barabarani kabla hajafika hemani, nimwambie nimeshindwa. Nitamwambia nimeshindwa mimi, sitakutaja.

Kama umekubali, ichukue uende nayo ng'ambo. Halafu kesho, wakati pasta ananiita, wewe usingoje. Toka ulipokaa, uende umshike mkono yule mama wa Kitale, mbele ya watu, umwite mama. Mimi nikiona hivyo nitajua mlango umefunguka, na nitaanza kusema. Nitasema kwa sauti ile ile ya joshoni. Bado ninayo, uliza wale vijana wa kwaya.

Kule uendako, siku utakayojua nani anafungua na nani anafunga, nipigie simu mimi kwanza kabla ya maprofesa. Usiseme tena habari ya ndume. Niambie waziwazi, mimi ni baba yako, nimeshasikia mengi.

Miche nimeshaipanda nyuma ya nyumba. Yote imeshika.

Baba yako,
Wanyonyi

(Hilo ndilo jina baba yangu alinipa.)